Barua ya wazi kwa viongozi wa maji Arusha: mpango wa kemikali uandikwe sasa, kabla ya siku ya shida

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha,
Mkurugenzi Mtendaji, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha,
Meneja wa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), Mkoa wa Arusha,
Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Moshi.

YAH: OMBI LA MPANGO WA KULINDA NA KUSAFISHA MAJI YAKIINGIWA NA KEMIKALI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa wilayani Arumeru. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu jambo ninaloliomba linawahusu ninyi nyote kwa pamoja, na barua ya namna hii ikipelekwa ofisi moja huishia kuelekezwa ofisi nyingine. Ombi langu ni hili: Arusha iwe na mpango ulioandikwa, wenye fedha, vifaa na watu waliokwisha kufanya mazoezi, wa nini kifanyike siku kemikali itakapoingia kwenye chanzo cha maji au kwenye bomba. Kama mpango huo upo kabatini, naomba utolewe tuusome.

Nitangulize shukrani, maana ni haki yenu. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ule wa shilingi bilioni 520, umewapunguzia watu mzigo. Ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi lita milioni 200 kwa siku, na maji mengi ya nyongeza yanatoka kwenye visima virefu vya huku tambarare, ukanda wa Valeska, ambako floridi ni kidogo kuliko kwenye vyanzo vya miteremko ya Meru. Mitaa iliyokuwa ikikesha na ndoo kusubiri mgao leo inafungua bomba mchana. Lakini mji unapotegemea visima vikubwa vichache na bomba kuu refu, mahali pamoja pakichafuka wanaumia watu wengi kwa mpigo. Zamani chemchemi ikiharibika ulikuwa ukiteseka mtaa mmoja. Kadiri mfumo unavyokua, ndivyo kosa moja linavyofika mbali, na ndiyo maana naona sasa ndio wakati wa kuliandika jambo hili, mitambo ikiwa bado mipya na mafundi walioijenga wakiwa bado wanajua kila valvu ilipo.

Kuhusu kemikali kwenye maji sisi wa huku si wageni. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inaachia floridi, na maji yanashuka nayo. Maziwa ya Momella yana floridi kupita kiasi, na Mto Maji ya Chai unazidi kiwango cha kunywa mara kadhaa. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu mwaka 1974 ilijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine ya kunywa. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa kiwango cha taifa ni 1.5. Kile cha muda kilidumu miongo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa na wajukuu, na akicheka bado meno yake yanaonyesha alikokulia.

Darasani kwangu nikiuliza swali, wapo wanafunzi wanaojibu kiganja kikiwa mdomoni. Jibu wanalijua, wanachoficha ni meno. Ile rangi ya kahawia, ile mistari na vishimo, vinajengeka jino likiwa bado ndani ya ufizi, mtoto akiwa hajatimiza miaka minane, na jino likishaota hivyo halirudi nyuma. Pale floridi inapozidi zaidi na mtu akainywa miaka mingi, mifupa nayo inaathirika: mtoto anapata matege, mzee anashindwa kuinama kufunga kamba ya kiatu. Haya yote yalijulikana zamani. Vitabu viliandikwa, wataalamu walikuja wakapima wakaondoka, na wenyeji waliendelea kuchota kwa sababu dumu lazima lijae.

Floridi inaipenda mifupa. Inaingia ndani ya madini yanayojenga mfupa na jino, ikachukua nafasi ya haidroksidi. Wataalamu wetu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto waliigeuza tabia hiyo kuwa tiba. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, moto wa nyuzi 400 hadi 500 hivi, inakuwa mkaa mweusi. Mkaa unavunjwavunjwa, unaoshwa, unajazwa kwenye ndoo yenye bomba, na maji yakipita humo yanaiacha floridi. Moto ukizidi, mfupa unakuwa mweupe na nguvu yake ya kunasa inashuka. Moto ukipungua, maji yanatoka na harufu ambayo hakuna mama atakayekubali kumpa mwanawe. Ni kazi inayotaka jicho na uzoefu, na tunao watu wenye uzoefu huo hapa hapa.

Lakini mkaa huo unachoka. Nafasi za kunasa floridi zikijaa, maji yanapita kama yalivyoingia. Ugumu wake ni kwamba ndoo iliyochoka na ndoo nzima huwezi kuzitofautisha kwa macho. Zote zinatoa maji maangavu, ladha ni ile ile, bomba halizibi. Nimeziona ndoo hizi majumbani, zimewekwa sebuleni mahali pa heshima, zimefunikwa kitambaa kilichodariziwa, familia inakunywa kwa imani yote, na tangu zilipoletwa hakuna aliyerudi kupima. Mradi uliozileta ulikuwa na fungu la ndoo na fungu la hafla ya kukabidhi ndoo. Fungu la kubadilisha mkaa halikuwekwa, wala halikuandikwa jina la mtu wa kuubadilisha.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo somo ambalo Arusha imelilipia kwa meno ya watoto wake. Ujuzi tulikuwa nao. Kilichokosekana ni mtu aliyepewa kazi hiyo kwa jina, ratiba yake, na fedha za mwaka wa pili na wa tatu. Mpango ninaouomba ukikosa mambo hayo utakuwa ndoo nyingine chini ya kitambaa kizuri.

(Niseme pia, hata kama ni kando kidogo: magadi tunayopikia maharage na makande, yale yanayotoka Ziwa Natron, nayo yana floridi. Mama anaweza kuchuja maji ya kunywa vizuri kabisa kisha akairudisha floridi kwenye sufuria. Elimu hiyo ingetolewa kliniki, pale mtoto anapopimwa uzito.)

Sasa, floridi pamoja na ubaya wake haishtukizi. Ilikuwepo jana, itakuwepo kesho, na mtu ana nafasi ya kujipanga. Zinazonikosesha amani ni kemikali zinazoingia usiku mmoja.

Simameni kwenye daraja lolote la barabara ya Arusha na Moshi, iwe Usa River, Kikafu, Weruweru au Karanga, mtazame malori ya mafuta yanavyopita. Lori likipinduka tunajua kinachofuata: wanafika watu na madumu, halafu polisi, halafu Zimamoto. Tangu ajali ya Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, iliyoua watu zaidi ya 100, kila mmoja anawaza moto, na ni sawa awaze hivyo. Lakini ni nani aliyepewa jukumu la kuuwaza mto ulio chini ya daraja? Hata maji ya kuzimia moto yanaweza kuwa ndiyo yanayobeba sumu. Novemba 1986 ghala la kemikali liliungua karibu na mji wa Basel, Uswisi. Maji ya wazima moto yakasomba viuatilifu hadi Mto Rhine, mto ukawa mwekundu, samaki wakafa kwa umbali mrefu sana kuteremka mto. Moto ulizimwa. Maji ndiyo yaliyobaki na maafa.

Huwa nawapa wanafunzi hesabu hii ubaoni. Benzini, mojawapo ya kemikali zilizomo ndani ya petroli, husababisha saratani, na kikomo chake kwenye maji ya kunywa kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita. Chukua petroli ambayo asilimia moja yake ni benzini. Lita moja tu ya petroli hiyo inatosha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo. Dumu moja la lita 20 linafikisha lita zaidi ya milioni 17. Lori la mafuta linabeba makumi elfu ya lita. Kweli, si yote yatakayoingia kwenye maji, maana petroli nyingi huruka hewani na nyingine huelea juu. Lakini ikizama ardhini na kufika kwenye maji ya chini, inaweza kukaa humo miaka mingi, na kisima hakioshwi kwa sabuni. Tenki la chini la kituo cha mafuta linalovuja polepole linaweza kufanya kazi hiyo hiyo bila king'ora kulia.

Tukitoka barabarani tuingie mashambani. Kijana wa nyanya anachota ndoo kwenye mfereji, anapima dawa kwa kifuniko cha chupa, anakoroga kwa kijiti, anabeba bomba la kupulizia dawa mgongoni. Jioni analisuuza palepale mferejini. Povu linateremka na maji, chupa tupu inabaki kwenye majani ya ukingo. Mita chache chini yake yupo mama na dumu la manjano. Kuna siku nilimsemesha kijana mmoja, naye akanijibu kwa adabu tu: "Sasa mwalimu, nisuuzie wapi?" Sikuwa na mahali pa kumwonyesha. Hakuna aliyejenga sehemu ya kusuuzia mabomba mbali na maji, yenye shimo lililosakafiwa na pipa la chupa tupu, wakati ujenzi wake ni kazi ya fundi wa kawaida. Kwenye kahawa kuna mrututu, ile dawa ya ukungu yenye shaba, kwenye nyanya na maua kuna dawa za wadudu na ukungu za kila namna, na dawa hizo mvua ya masika ndiyo inayozitembeza.

Mjini nako tunayajua. Oili chafu za gereji zinamwagwa kandokando ya mito ya Themi na Naura, asidi ya betri inamwagwa mtaroni, maji ya vyoo vya mashimo yanaongeza naitreti kwenye visima vifupi vya watu. Viwanda vya ngozi, popote vilipo, vinatumia kromiamu. Sitaki kumnyooshea mtu kidole hapa. Nataka pawe na daftari: nani anahifadhi nini, kiasi gani, na mwaga wake ukitokea unafika chanzo gani baada ya saa ngapi. Januari 2014 huko West Virginia, Marekani, tenki lilivuja kemikali ya kusafishia makaa ya mawe ndani ya Mto Elk, umbali mfupi juu ya mahali mji unapovutia maji. Watu wapatao 300,000 waliambiwa wasinywe, wasipikie, wasioge. Wataalamu walikuta hata taarifa za madhara ya kemikali yenyewe ni chache mno, na wakalazimika kuamua kiwango salama huku watu wakisubiri. Tenki lilikuwa pale miaka yote, linaonekana na kila anayepita.

Waheshimiwa, kuna jambo ambalo kila nyumba italifanya siku hiyo, nalo ni kuchemsha. Tumefundishwa hivyo tangu utoto, na kwa kipindupindu na homa ya matumbo ni sahihi kabisa. Lakini ukichemsha maji yenye floridi au naitreti, mvuke unaondoka na kemikali inabaki kwenye maji yaliyopungua, hivyo unaizidisha. Ukichemsha maji yenye petroli unajaza jiko mvuke wa hatari. Vidonge vya klorini havitoi kiuatilifu. Kwa hiyo tangazo la "chemsheni maji" linaweza kuumiza watu, na tangazo la "msichemshe, msinywe, subirini boza" linatakiwa liwe limeshaandikwa, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, Kimeru na Kiarusha pia, likisubiri kujazwa jina la mtaa na saa. Mtangazaji wa redio asiachiwe kulitunga mwenyewe saa kumi na moja alfajiri.

Mfano ninaopenda kuwaeleza watu ni wa Harbin, mji wa kaskazini mwa China wenye mamilioni ya watu. Tarehe 13 Novemba 2005 kiwanda cha kemikali kililipuka kwenye mji ulio juu yake, na tani zipatazo 100 za benzini na jamii zake zikaingia Mto Songhua. Sumu ilichukua siku kadhaa kuteremka hadi Harbin, kwa hiyo muda ulikuwepo. Hata hivyo wananchi waliambiwa kwanza kwamba maji yanafungwa kwa ajili ya matengenezo ya mabomba. Hawakuamini, wakavamia maduka kugombea maji ya chupa, na ndipo wakaambiwa ukweli. Maji yakafungwa siku nne hivi. Mafundi nao walifanya kazi ya maana: waliweka mkaa wa kuchujia tangu pale maji yanapovutwa mtoni, ili unase sumu njiani kabla haijafika kwenye mitambo, na kwenye vichujio wakaongeza mkaa mwingine. Mji ukarudishiwa maji. Naona mambo mawili ya kujifunza hapo, akiba ya mkaa na kusema ukweli mapema, na la kwanza linaniuma zaidi. Mkaa ulipatikana kwa siku chache kwa sababu nchi yao inautengeneza. Sisi tutaupata wapi?

Mkaa ninaousema si wa jikoni. Unatengenezwa kwa vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe, kisha unapitishwa kwenye mvuke wa moto mkali mpaka ujae vitundu visivyoonekana kwa macho, na humo ndimo dawa za wadudu na mafuta yanamonasa. Hauuzwi soko la Kilombero. Ukiagizwa leo unapanda meli, unasubiri bandarini Tanga au Dar es Salaam, na hapo wiki zimekwisha kupita. Ukiwa ghalani, mkavu na umefungwa vizuri, unadumu. Kwa hiyo akiba yake ni suala la kuamua tu. Na kuwa nao bado hakutoshi. Maji ya visima virefu kwa kawaida hutiwa klorini na kupelekwa tangini, basi. Ili unga wa mkaa ufanye kazi lazima pawepo mahali pa kuutia, muda wa kukaa na maji, na kichujio cha kuutoa tena. Hiyo ni kazi ya mhandisi kwenye mchoro, na haifanyiki usiku wa ajali.

Tena mkaa huo hautibu kila kitu. Haugusi floridi wala naitreti. Vyuma vizito vingi vinataka maji yapunguziwe asidi kwa chokaa mpaka vigande vizame. Kromiamu ile kali inatakiwa kwanza ibadilishwe kuwa ya aina nyingine isiyo kali ndipo izame. Naitreti unaichanganya na maji mengine au unaipitisha kwenye mitambo ya gharama. Ile mitambo ya utando inayosukuma maji kwa nguvu inatoa karibu kila kitu, lakini inaacha upande wa pili maji machafu yaliyokolea, na kila anayeiuza aulizwe atayapeleka wapi. Mkaa uliokwisha kunasa sumu nao ni taka ya hatari, vilevile na mkaa wa mifupa uliochoka, ambao sasa hivi unamwagwa tu nyuma ya nyumba.

Maana yake ni kwamba tiba inaanza kwa kujua ni kemikali gani, na kwa kujua haraka. Hapa ndipo Arusha ina bahati ambayo mikoa mingi haina. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina makao yake Ngaramtoni. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda mjini. Wizara ina maabara ya maji. Taasisi ya Nelson Mandela ipo Tengeru, na ndipo alipofanyia kazi Dk. Askwar Hilonga, ambaye mwaka 2015 chujio lake la maji lilishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ngurdoto ipo. Bodi ya Bonde ipo Moshi, mwendo wa saa mbili hivi. Ninachouliza ni hiki: Jumapili saa nane usiku, mlinzi wa kisima akisikia harufu ya mafuta kwenye maji, anampigia nani? Ana ruhusa ya kuzima pampu mwenyewe, au lazima asubiri meneja aamke, naye asubiri mkurugenzi? Sampuli inabebwa na gari gani, kwenye chupa gani, maana sampuli ya petroli ikiwekwa kwenye chupa ya plastiki ya maji ya dukani majibu yake hayaaminiki? Na maabara itafunguliwa na nani?

Mimi ningependa mlinzi apewe ruhusa hiyo kwa maandishi. Akizima pampu bure, mji utakosa maji kwa saa chache na watu watanung'unika. Asipozima, matangi yatajaa sumu, na kuosha mtandao wa mabomba ya mji mzima ni kazi ya wiki nyingi. Asiadhibiwe kwa kuwa mwangalifu.

Ipo pia habari ya vyanzo vya zamani. Nasikia watu wakisema chemchemi za miteremkoni zenye floridi sasa hazina kazi, ziachwe. Naomba zisiachwe. Floridi inadhuru kwa miaka. Maji yenye miligramu 3 yakinywewa kwa wiki moja hayampi mtu matege. Siku ambayo visima vya tambarare vimefungwa kwa sababu ya mafuta au kiuatilifu, chemchemi hizo ndizo zitakazoshikilia mji, mradi valvu zake ziwe zimepakwa grisi na kufunguliwa mara kwa mara, na watoto wadogo watengewe maji mengine. Hospitali nazo ziwe za kwanza kwenye orodha ya simu, hasa zenye wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu. Mgonjwa mmoja kwenye mashine hiyo anakutana na maji mengi mno kwa wiki kuliko anayokunywa mtu mzima, na kemikali iliyomo inaweza kumpita moja kwa moja hadi kwenye damu.

Ndugu zetu wa Moshi wasione kwamba haliwahusu kwa kuwa chemchemi zao za Nsere na Shiri ni njema. Maji ya Meru na ya Kilimanjaro yanakutana kwenye Mto Kikuletwa na kuishia bwawa la Nyumba ya Mungu. Lori likipinduka Kikafu, wanaokunywa na kuvua chini yake hawaulizi mpaka wa mkoa uko wapi. Ndiyo maana nimeiandikia Bodi ya Bonde pia, na kwa maoni yangu wao ndio wanaofaa kushika usukani wa mpango huu.

Tena kuna suala la kuaminika. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati, kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na watu wengi wakaikataa taarifa hiyo waziwazi. Sitaki kuufungua upya mjadala ule. Ninachokiona ni kwamba mwananchi asiyewahi kuonyeshwa vipimo vya siku za kawaida hawezi kuviamini vya siku ya msiba. Dawa yake ni rahisi: kila mwezi, kwenye kila kituo cha kuchotea maji na ofisi ya kata, ubandikwe ubao mdogo wenye floridi, naitreti na tarehe ya kupimwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili ataweza kumsomea bibi yake. Mkizoea kutuambia kwamba mwezi huu floridi ni 1.2 na mwezi ule ilikuwa 1.7, hata namba ikiwa mbaya, siku mtakayosema "msinywe" tutawasikiliza.

Kuhusu fedha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakubali kwamba mchafuzi alipe. Vizuri, lakini mchafuzi analipa baada ya kesi, na kiu haisubiri kesi. Kwa hiyo naomba kwenye bajeti ya mwaka wa fedha ujao liwekwe fungu lenye jina lake, hata likiwa dogo: akiba ya mkaa wa kuchujia na chokaa, chupa sahihi za sampuli, posho ya mtaalamu wa maabara wa zamu ya usiku, na mkataba na wenye maboza ambao magari yao hayajawahi kubeba kitu kingine zaidi ya maji. Jumuiya za watumia maji vijijini zisisahauliwe, kwa maana zenyewe hazina mhandisi wala maabara. RUWASA iwe ndiyo inayowabebea.

Kabla ya bajeti hiyo, kuna jambo linaloweza kufanyika bila gharama kubwa. Chagueni Jumamosi moja kabla ya masika. Mseme lori la mafuta limepinduka darajani Usa River, na mwanzeni kuhesabu: dakika ngapi mpaka mtu wa maji ajue, ngapi mpaka pampu izimwe, saa ngapi mpaka sampuli ifike maabara, saa ngapi mpaka redio itangaze na boza la kwanza lifike Hospitali ya Mount Meru. Pale mtakapokwama paandikwe bila kuficha, na karatasi hiyo ibandikwe kwenye kata zote ndani ya wiki mbili. Nimezungumza na walimu wenzangu wa kemia wa Arumeru, nao wako tayari kuja siku hiyo na saa zao na madaftari, kusimama kila kituo na kuandika muda. Hatuhitaji posho. Tunahitaji tarehe.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa kemia,
Arumeru, Arusha